Kwa wanangu wa mashua: shusheni kidau, mkapige hodi

Wanangu, na nyinyi wadogo zangu ambao mvi zimeanza kuwatoka lakini bado mna nguvu ya kuvuta jarari,

Nawaandikia nikiwa nchi kavu. Magoti yamekataa ngazi ya mashua na macho yamekataa giza, kwa hiyo chombo nimekiachia mwenye viungo vizima. Kwa miaka 24 mimi na mke wangu tuliishi juu ya maji. Hatukuwa wavuvi wala wachukuzi wa mizigo. Tulisafiri kwa kupenda tu, kama mnavyosafiri nyinyi, tukivuka bahari kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Watoto wetu walipokuwa wakiuliza huko baharini tunakaa na nani, tulikuwa na majina mengi ya kuwatajia. Hayo majina ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Majuzi nilikwenda kumtembelea rafiki yangu kwenye ghuba moja wanakotia nanga wasafiri wa masafa marefu. Nilihesabu mashua 17. Jua lilikuwa linatua, saa ambayo zamani maji yangejaa vidau, vile vimashua vidogo vya kutoka chombo hadi chombo, vikivuka huku na huko, huyu akirudisha bisibisi, yule akiuliza hali ya mgonjwa. Jioni ile hakikushuka kidau hata kimoja. Kila mashua ilikuwa na kisahani cheupe cha setilaiti kule tezini, nyuma ya chombo, na kwenye madirisha ya chini niliona mwanga wa skrini. Rafiki yangu alikuwa pale siku ya tisa. Nilipomuuliza jirani wake wa kulia ni nani, alitazama kule kwa muda, akasema hajui.

Setilaiti siilaumu. Ningekuwa nayo enzi zangu ningeitumia mchana na usiku. Mnaiona dhoruba siku kadhaa kabla haijawafikia, mama zenu wanasikia sauti zenu, na kijana anaweza kufanya kazi yake akiwa katikati ya Pasifiki. Shida yangu ni moja tu: mnawajua watu walio ng'ambo ya dunia, na yule aliyelala umbali wa mnyororo mmoja wa nanga kutoka kwenu hamjui hata jina lake.

Nitawaeleza nilivyojifunza hodi ina uzito gani.

Tulifika kwenye ghuba saa kumi jioni baada ya siku sita baharini. Zilikuwepo mashua nne. Nilitaka kulala, hata chakula sikukitamani. Mke wangu akasema, kwanza hodi. Nikanuna, nikashusha kidau. Mashua ya tatu tuliyoiendea ilikuwa ya mzee mmoja aliyesafiri peke yake, mgongo umemkaza hata kuinama hawezi. Alifurahi kutuona mpaka akawa anarudia maneno. Katika kuzungumza akakiri kwamba mnyororo wa nanga yake umeshikwa na winchi, mashine ya kuuvutia, peke yake, kwa kuwa kufunga kamba ya kuupunguzia winchi mzigo kunataka mtu apige magoti kule omoni, mbele ya chombo, naye hawezi. Nikaenda nikamfungia. Nikiwa nimepiga magoti niliona breki ya winchi yake iko upande gani, mpini wake umewekwa wapi, na kwamba alama nyekundu kwenye mnyororo maana yake ni mita 30.

Saa nane usiku upepo uligeuka ghafla na mvua ikaja nao. Ghuba ambayo mchana ilitukinga sasa ilikuwa na miamba upande wa chini ya upepo, kule upepo unakotusukumia. Nilitoka sitahani, nikaona taa ya yule mzee inasogea. Tukaenda na kidau, maji yanaingia, mke wangu anayachota. Nilipopanda kwake yeye alikuwa tayari ameshawasha injini na ameshika usukani. Mimi nikaenda omoni gizani, na mikono yangu ilijua pa kwenda. Nilifungua breki, nikaachia mita 20 nyingine, nikafunga. Kisha nikaweka kiganja juu ya mnyororo. Nanga inayoburura huutetemesha mnyororo kama mkokoteni unaopita kwenye changarawe. Mtetemo ule uliendelea, ukaendelea, halafu ukakata. Nanga ilikuwa imeshika. Kulipokucha tulipima kwa macho: kutoka tezi yake mpaka mwamba hapakufika urefu wa mashua mbili.

Redio tulikuwa nayo. Angeweza kuita kwenye chaneli 16, ile ya wito wa dharura, nasi tungemsikia na tungekwenda. Lakini ningefika kwenye winchi nisiyoijua, kwenye giza nisiloliona ndani, nikipapasa, na dakika zile hatukuwa nazo. Hodi ya jioni ndiyo iliyompa mikono yangu.

Mtu akiniuliza aseme nini akifika kwenye mashua ya mgeni, humwambia aanze na swali la kazi. "Umeachia mnyororo kiasi gani?" Wengi wenu huachia mara tano ya kina cha maji au zaidi, na mashua huzunguka nanga yake kwa urefu huo kila upepo unapogeuka. Jirani aliyeachia mita 20 na aliyeachia mita 50 hawazunguki duara moja. Nanyi mnajua kwamba aliyefika kwanza ndiye mwenye haki ya nafasi yake, na aliyekuja nyuma ndiye anayehama. Kwa hiyo swali hilo si la kujipendekeza wala la kupoteza muda. Linahitaji jibu, na jibu linahitaji mtu atoke nje, asimame, akutazame usoni. Mengine yatakuja yenyewe.

Nimesikia wengine wakisema urafiki wa baharini ni wa kupita, una faida gani kumzoea mtu utakayeachana naye Jumanne? Hao bado hawajazunguka vya kutosha. Pepo na misimu vimetupangia miadi bila kutuuliza. Anayevuka Atlantiki kwenda Karibi huondoka Visiwa vya Kanari kuanzia Novemba, msimu wa vimbunga vya huko ukiwa unamalizika na pepo za biashara, zile zinazosukuma vyombo kuelekea magharibi, zikianza kukaa sawa. Tangu 1986 kuna msafara wa mashua unaoondoka Las Palmas, huko Kanari, kila Novemba, na wengine wengi huvuka miezi hiyohiyo kivyao. Anayekwenda Pasifiki hupita Panama mwanzoni mwa mwaka, apate miezi ya kutosha kati ya visiwa kabla vimbunga vya kusini havijaanza tena Novemba. Dunia ni pana, lakini njia ya mashua ya tanga ni nyembamba kama kichochoro, na milango yake hufunguliwa kwa tarehe. Niliyeagana naye Kanari nilimkuta Panama, na niliyemkasirikia Panama nilimkuta mbele yangu baada ya maili 4,000, akiwa yeye peke yake mwenye spana inayoingia kwenye nati yangu. Chunga unavyomuaga mtu.

Nimeitaja Panama, na siwezi kuipita hivihivi. Mashua ndogo inayovuka Mfereji hutakiwa kuwa na watu wanne wa kushika kamba, mbali na nahodha na yule mshauri anayepandishwa na mamlaka ya Mfereji. Kamba ni nne, kila moja si chini ya mita 38. Maji yanapoingia kwenye lango yanachemka chini ya mashua, na mtu wa kamba lazima aikusanye kadiri chombo kinavyopanda, asiilegeze wala asiikaze kupita kiasi, mpaka mmeinuliwa mita 26 juu ya usawa wa bahari. Watu wawili waliooana, wanaosafiri peke yao, watawapata wapi wanne? Wanawapata kwenye mashua jirani. Leo unashika kamba za mwenzako mpaka bahari ya pili, unarudi kwa basi, na wiki ijayo yeye anashika zako. Mimi nilivuka mara tatu kwa ajili ya wengine kabla sijavuka na mashua yangu. Vijana wawili niliowashikia kamba bado wananiita baba, na mmoja wao alimpa mtoto wake jina la mke wangu.

Kwenye mito na maziwa mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Wanaozunguka mashariki ya Marekani kwa mashua, mwendo wa maili zipatazo 6,000 kupitia Maziwa Makuu, mito ya katikati ya nchi na njia za maji za pwani, hupeperusha kibendera cheupe wakiwa safarini na cha dhahabu wakishafunga mzunguko. Nakipenda kibendera hicho. Ni hodi iliyotundikwa mlingotini: ukikiona kwenye gati usilolijua, unajua mlango gani wa kugonga kwanza.

Sasa niseme juu ya madeni, maana vijana wengi huona haya kupokea. Kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu ya kupozea injini kilinikatikia mahali ambapo duka la karibu lilikuwa siku nane za safari. Mtu mmoja alitoa cha akiba yake, cha mwisho, akanipa. Nilitaka kumlipa, akakataa, akasema nitampa mwingine. Sikumwona tena. Miaka mitatu baadaye nilimkuta kijana ana shida ileile, nikatoa changu, na nilipokuwa nakifunga kwenye pampu yake nilihisi kama yule mtu wa kwanza amesimama nyuma yangu. Baharini deni hulipwa mbele, kwa anayekuja. Mwaka 1952, huko California, wasafiri walioishi kwenye mashua zao waliunda chama na wakajiwekea desturi ya kuacha maji safi nyuma yao, yaani uondoke kila bandari kwa namna itakayomfanya atakayefika baada yako apokelewe vizuri. Hata Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, hakusafiri bila watu. Alipopita Samoa mjane mmoja alimpa vitabu vya mwongozo wa bahari vilivyokuwa vya marehemu mumewe, akimwambia mumewe angefurahi viende kwa baharia kama yeye. Mtu anayeitwa mpweke kuliko wote alikuwa amebeba kabatini vitabu vya rafiki ambaye hakuwahi kukutana naye.

Kuna jambo lazima niliseme hata kama litaniuma. Urafiki wa kusafiri pamoja, mashua mbili tatu zikifuatana, una sumu yake, nami niliionja. Tulikuwa mashua tatu, tukakubaliana tutang'oa nanga Alhamisi alfajiri. Usiku wa kuamkia siku hiyo barometa yangu ilikuwa inashuka, dalili ya hewa mbaya. Niliitazama saa nne, nikaitazama saa saba, nikaona aibu. Niliwaza watasema mzee ameogopa, nikawaza wameshafunga vitu vyao. Tukatoka. Kufika adhuhuri tulikuwa tunabisha kwenye upepo wa omo na mawimbi mafupi yanayopiga kama nyundo, na mke wangu akatupwa kutoka ngazini, akavunjika kifundo cha mkono. Ilituchukua saa 19 kumfikisha kwa daktari. Mkono huo haukunyooka tena mpaka anakufa.

Wiki mbili baadaye manahodha watatu tulikaa pamoja, na hapo ndipo tulipoambiana ukweli. Wote watatu tulikuwa tumeiona barometa. Wote watatu tuliogopa. Kila mmoja alitoka kwa sababu aliamini wenzake hawaogopi. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini sisi kila mmoja alikuwa na chombo chake, na siku ile hakukuwa na nahodha hata mmoja. Wanangu, atakayesema kwanza "mimi leo sitoki" amewapa wenzake ruhusa ya kuwa na akili. Msimcheke. Mshukuruni mbele za watu, ili mwenye hofu wa kesho naye apate mdomo. Na akiamua kutoka ilhali wewe unabaki, mwache aende kwa amani, uchukue ramani ya njia yake na saa anayotarajia kufika.

Hilo linanipeleka kwenye redio ya asubuhi. Najua wengi mmeiacha kwa kuwa mna ujumbe wa setilaiti, na ujumbe ni mzuri, lakini humfikia mmoja. Redio ya masafa marefu husikiwa na wote kwa pamoja. Anayeongoza huuliza kwanza kama kuna mwenye dharura, ananyamaza, anasubiri. Halafu anaita mashua moja baada ya nyingine, kila mmoja anataja alipo, upepo wake, na kwamba watu wake wako salama. Tulipokuwa njiani kutoka Galápagos kwenda visiwa vya Marquesas, huko Pasifiki, kama maili 3,000 za bahari tupu, siku 25 kwetu, mashua moja haikuitika. Anayeongoza aliita mara tatu. Kesho yake, kimya. Siku ya tatu nahodha mmoja, ambaye sisi wengine tulimwona mkali na mchoyo wa maneno, alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba ameshageuza usukani tangu usiku na yuko maili 40 kutoka mahali pao pa mwisho. Aliwapata jioni. Maji yalikuwa yameingia kwenye redio yao, basi, watu wako salama na tanga limetwekwa. Sheria ya bahari ya mwaka 1982, kifungu cha 98, inaitaka kila nchi imwagize nahodha wa chombo chake aende kumsaidia aliye hatarini. Lakini hapakuwa na mtu aliyeita msaada. Aligeuka kwa sababu alizoea kusikia jina lao kila asubuhi na sasa halisikiki.

Nisiseme kana kwamba sisi wa zamani tulikuwa malaika. Tulisengenya, na redio ina masikio mengi: neno ulilolisema juu ya mke wa mtu ukidhani unaongea na mmoja lilisikika na ghuba nzima. Tulijitenga pia kwa ukubwa wa vyombo, wenye mashua ya mita 15 wakikaa na wenzao, na kijana aliyekuja na kichombo cha mita 8 chenye tanga lililoshonwa viraka akibaki pembeni. Mara nyingi ndiye aliyekuwa amepita njia ngumu kuliko sisi wote. Mwendeeni huyo kwanza.

Na muangalieni yule asiyeipenda bahari. Katika mashua nyingi za watu wawili, mmoja alikuwa na ndoto na mwingine alikubali kwa mapenzi. Huyo wa pili hatasema. Utamwona anafua nguo zilizo safi, au anauliza mara kwa mara bandari inayofuata ina uwanja wa ndege. Mchukue kwenye kidau, mkatembee ufukoni bila yule mwenye ndoto, na umwache azungumze. Mke wangu aliwafanyia hivyo wengi kuliko ninavyojua, na nilipata barua zao baada ya mazishi.

Kwenye ukuta wa bandari ya Horta, kule visiwa vya Azori katika Atlantiki, mabaharia huchora picha ya mashua yao kabla ya kuondoka, kwa kuwa inasemekana asiyechora hupata mkosi. Tulichora yetu. Tuliporudi baada ya miaka kadhaa jua lilikuwa limeifuta karibu yote, na mtu tusiyemjua alikuwa amepaka upya herufi za jina letu kwa rangi yake, akaacha chini nafasi ya vidole viwili, halafu ndipo akachora ya kwake.

Turudi kwa rafiki yangu na zile mashua 17. Asubuhi iliyofuata nilimwambia ashushe kidau, nami nikashuka kwa shida, magoti yakilia. Tukaenda kwa jirani wa kulia. Nilipiga hodi kwenye ubavu wa mashua kwa vifundo vya vidole. Alitoka mama wa makamo, peke yake, mkono mmoja bado umeshika kitambaa cha grisi. Alisema amekuwa akiitazama mashua ya rafiki yangu siku tisa, anaogopa kusumbua. Rafiki yangu akakumbuka nilichomfundisha, akamuuliza ameachia mnyororo kiasi gani.

"Mita 20," akasema. "Na wewe?"

"Hamsini."

Siku zote tisa upepo ulikuwa umevuma kutoka upande mmoja. Wote watatu tukageuka, tukalitazama pengo lililokuwa katikati ya zile mashua mbili.

Mzee wenu wa nchi kavu